Kahawa ya Shangazi

Kuna watu wanaotia kinyaa kuliko wezi. Mwizi anaruka ukuta, anajua akikamatwa atapigwa, na anakimbia. Lakini mtu aliyekula kwako, akalala kwako, akakupigia magoti akikuita shangazi, kisha akaondoka na mali yako mchana kweupe huku ukimpungia mkono na kumwombea baraka, huyo hata kumwita mwizi ni kumheshimu. Watu wananiambia, Judica, una ulimi mkali. Sawa. Wifi yangu ulimi wake ni laini, na mtaona ulimfikisha wapi.

Wifi yangu ni Anatolia Kokushubila, dada wa mume wangu, anakaa Kitendaguro, hapa Bukoba. Anatengeneza kahawa ya kutafuna. Asiyetoka kwetu hushangaa akiambiwa kahawa hutafunwa, lakini ndivyo ilivyo: buni nzima huchemshwa na majani, hukaushwa juani, hufungwa katika majani makavu ya mgomba, na mgeni akifika kwako hupewa kabla hajasema kilichomleta. Kwetu maneno mazito hayaanzi mdomo ukiwa mtupu. Umekuja kuposa, kahawa. Umekuja kupatana na jirani baada ya ugomvi wa mpaka wa kibanja, kahawa.

Kuchemsha buni anaweza kila mtu. Ya wifi yangu ilikuwa na kitu ambacho za wengine hazina, ukali kidogo mwanzoni halafu utamu unaobaki ulimini mpaka unasahau ulikuwa na hasira na nani. Alifundishwa na mama yake huko Kaagya. Siri ilikuwa kwenye majani, na hayo majani aliyaleta kutoka Kaagya yakiwa yameshatwangwa, ili asiwepo wa kuyatambua kwa umbo lake. Ikifika wakati wa kuyatia chunguni, wote jikoni walitoka nje. Na mimi nilitoka. Nilikuwa namtania, "Wifi, utakufa nayo hiyo." Ananijibu, "Nitakufa nayo, na wewe utakula ya dukani." Tunacheka. Nilicheka, lakini iliniuma. Miaka yote niliyoolewa katika ukoo ule, natolewa jikoni pamoja na wafanyakazi!

Hata hivyo majani hayakuwa siri kubwa. Siri kubwa ilikuwa nyumba za watu. Fikiria mwenyewe: baba anapoagiza kahawa nyingi wiki nyingi mapema, anaagizia nini? Ana binti anayeposwa. Wifi alijua nani anaoa kwa nani kabla padri na mchungaji hawajajua, alijua posa ipi imevunjika, alijua ndugu wapi hawasemezani na wanataka kupatanishwa kimyakimya. Na hakusema. Hakuniambia mimi, na nilimbembeleza sana, maana umbea naupenda. Hakuwa na kibao barabarani wala tangazo redioni. Chema chajiuza, na chema chake kilikuwa ule mdomo uliofungwa. Siku mtu wa Bukoba atakapoona kwamba mambo ya nyumbani kwake yametoka jikoni kwa Kokushubila, hatakanyaga tena pale, hata kahawa ingekuwa ya mbinguni. Hilo wifi alilijua vizuri. Alikuwa akilirudia kwa wasichana wake kama sala.

Sasa huyo Annastella. Alikuja akiwa msichana mwembamba, yatima, viatu vyake vya kuazima. Sitamsingizia: alikuwa hodari. Alianika, alipepeta, alifunga pakiti zikalingana zote. Macho ya wifi yalipoanza kusumbua kwenye maandishi madogo, ndiye aliyepewa simu ya wateja aipokee. Wifi alimwita mwanangu, na msichana alimwita Ma, na wageni waliodhani ni mtoto wake wa kuzaa hawakusahihishwa.

Mwanangu Kamala anafanya kazi kwenye ofisi ya wakili mjini. Siku moja alimwambia, "Shangazi, ungeandikiana na wafanyakazi wako. Mtu akiondoka asichukue majina ya wateja, asitumie ya jikoni kwako. Watu wote wanafanya hivyo siku hizi." Wifi alimtazama kama ameambiwa amfunge mwanawe mnyororo mezani kama mbwa. "Kamala, mtoto ninayekula naye ndizi chungu kimoja nimwandikie karatasi? Karatasi ni ya mtu usiyemjua." Kamala akaaga akarudi kazini. Kwetu ukibishana na shangazi unajitafutia balaa.

Basi Annastella akapata mchumba, Avit, wa Muleba. Alikuja kuaga kazi kwa adabu zote, amepiga magoti sebuleni, anasema, "Ma, sina wazazi, na shangazi yangu alishafariki. Nakuomba uwe shangazi yangu siku ya kuondoka." Wifi alilia. Mimi nilikuwepo, na kusema kweli machozi yalinilengalenga. Leo nikikumbuka machozi yale natamani kunawa uso.

Lazima mwelewe maana ya jambo lile. Shangazi ndiye anayemkalisha binti chini kabla hajaenda kwa mume, anamfundisha nyumba. Na kwao wifi, kwa mama yao Kaagya, walikuwa na desturi yao: binti haondoki mikono mitupu, shangazi humpa ujuzi wa jiko lake, kile kitu kimoja kinachoifanya nyumba yake isifiwe na wageni. Mwingine hupewa namna ya kupika samaki, mwingine namna ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikakolea. Wifi alikuwa na kitu kimoja tu.

Asubuhi moja alifunga mlango wa jikoni, akamwonyesha Annastella majani. Mabichi, kwa umbo lake, kwa jina lake, na wakati wa kuyatia. Nilipojua nilimjia juu. "Mimi umenitoa nje miaka yote hii, huyu anayeondoka ndiye unamwambia?" Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi, "Wewe wifi huondoki. Yeye anakwenda kwa watu. Wageni wa mumewe wakitafuna kahawa yake watajua ametoka mahali."

Kinyaa kilinianza siku ya posa yenyewe. Mama yake Avit, Edvina, mwanamke mnene mwenye sauti ya sukari, alikuja na ndugu zake wakakaribishwa. Nyegera waitu, nyegera waitu, karibu nyingi za Kihaya, sahani ikapita. Wengine walichukua punje mbili tatu, kama watu. Edvina alichota konzi nzima akatia mkobani, akachota tena. Akawa anamwuliza wifi, mnaagiziwa sana na wa upande gani, hizi pakiti zinakaa muda gani bila kuharibika, mnaanika siku ngapi. Nikamnong'oneza wifi, "Huyu amekuja kuposa au amekuja kununua kiwanda?" Wifi akanifinya paja. Alinifinya kweli, mpaka nikaruka.

Harusi ikapita, binti akaenda Muleba na baraka zake. Ikapita miezi michache. Halafu siku moja Rugaibula wa mtaa wa Bakoba akaja Kitendaguro akiwa amefura, hata salamu hakutoa.

Rugaibula alikuwa na binti anayeposwa, naye aliagiza kahawa mapema, wakati Annastella bado anashika simu. Alimwomba wifi iwe siri, na sababu ilikuwa nzito. Ana kaka mkubwa, Mzee Joackim, mkubwa wa ukoo, mtu wa kununa. Mzee huyo ndiye aliyepaswa kuambiwa kwanza, tena na mdogo wake mwenyewe, uso kwa uso. Rugaibula alikuwa anangoja wapatane kwanza jambo lao lingine. Sasa kabla hajaenda, Mzee Joackim akapigiwa simu kutoka Muleba. Sauti tamu ya msichana: "Shikamoo babu, nasikia mna sherehe ya binti wa Bakoba, sisi tuna kahawa ile ile ya Kitendaguro kwa bei nafuu, tuwaletee?" Namba yake waliipata wapi? Aliwahi kuagiza kwa wifi alipoozesha binti zake. Mkubwa wa ukoo akasikia habari za mtoto wa ukoo wake kwa muuza kahawa! Alisema hatakanyaga kwenye sherehe ile, na bila yeye hakuna wa kupokea wageni.

"Nilikuamini, Ma Kokushubila," Rugaibula alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nilidhani mdomo wako ni kaburi. Kumbe ni soko." Akaondoka.

Wifi alikaa kwenye kigoda akashika magoti yake. Hakulia. Alisema tu, "Judica, kesho twende Muleba."

Tulipanda gari la asubuhi. Hatukusumbuka kutafuta, maana kibao chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko mlango: KAHAWA YA SHANGAZI. Nilisoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya. Chini yake wamechora bibi wa kilemba anatabasamu. Yaani walichukua majani yake, wakachukua wateja wake, wakaona haitoshi, wakachukua na ushangazi wenyewe wakauning'iniza barabarani! Nilitema mate chini pale pale, na mama mmoja aliyekuwa anapita akanitazama vibaya. Atazame tu.

Ndani kulikuwa na harufu ya buni iliyochemshwa kwa haraka na kukaushwa juu ya mabati kwa moto. Harufu ya moshi na ya mafuta ya taa kwa mbali. Wasichana wanajaza vifuko vya nailoni kwa mashine. Annastella alipotuona hakushtuka. Alikuja mbio, amenawiri, akapiga magoti. "Shangazi! Shikamoo shangazi. Mbona hukunipigia simu nikakupikia?" Macho makavu kabisa. Nimewahi kuona mtu mwongo, nimewahi kuona mtu mwenye haya ya uongo wake. Yule hakuwa na haya hata ya kuonyesha.

Edvina naye akatoka chumba cha ndani amefungua mikono. "Mkwe wangu! Karibu kwenye baraka zako." Akatuletea sahani. Wifi akachukua punje moja kwa sababu wifi ni wifi, akatafuna polepole. Edvina alikuwa anamkodolea mdomo. Nilidhani anasubiri sifa. Hapana. Alisema, na nawaapia alisema hivi, "Kuna kitu kimepungua kidogo, si ndiyo? Wateja wanasema ya kwako ina utamu unaobaki. Tuambie tu, mkwe. Sasa sisi ni ukoo mmoja."

Mwili ulinisisimka kama nimekanyaga kitu kilichooza kwa mguu mtupu. Nikafungua mdomo, na nilikuwa na mengi, lakini wifi akainua mkono.

"Annastella," alisema, "majani ni yako. Nilikupa kwa mkono wangu, siwezi kukudai zawadi. Fungua kiwanda, jenga ghorofa. Lakini nyumba za watu sikukupa. Nani kakwambia uzichukue?"

"Shangazi, mimi sikuchukua kitu," msichana akasema. "Majina niliyashika kichwani tu. Nitayasahauje?"

"Ya kichwani ndiyo ninayokuuliza. Ulipokuwa jikoni kwangu yalikuwa kichwani pia, na hukumwambia mtu. Kuolewa ndiko kulikokufungua mdomo?"

Hapo kidogo msichana aligeuza macho kwenye mashine. Lakini Edvina akacheka, akampigapiga Annastella begani, akamwambia wifi, "Mkwe wangu, biashara ni biashara bwana. Aliyeacha kazi ameacha kazi. Alikuwa na mkataba?"

Hakuwa na mkataba, na mwanamke yule alijua hakuwa nao. Alikuwa ameshauliza. Wifi akainuka, akaaga kila mtu kwa jina, hata wale wasichana wa mashine, tukatoka. Garini nilitukana njia nzima. Asante ya punda mateke, nilisema, nyoka, fisi, nilimaliza wanyama wote. Nikamwambia tukirudi tukamwone Kamala, kuna sheria, kuna polisi, kuna mabaraza. Wifi alikuwa anatazama migomba dirishani. "Sheria itanirudishia nini?" alisema. "Mzee Joackim ameshasikia."

Na sasa ndipo anaponishinda huyu mwanamke. Mimi ningekwenda kanisani nikamtangaze Annastella mbele ya watu. Yeye siku ya pili alivaa gauni lake zuri akaenda kwa Mzee Joackim. Nilimsindikiza. Alipiga magoti, na magoti yake yanamuuma siku hizi, akasema, "Tata, habari hii haikutoka kwa mdogo wako. Imetoka jikoni kwangu. Aliyekupigia simu nilimlea mimi, nami ndiye niliyempa simu ya watu. Nuna na mimi. Usinune na mtoto anayeolewa." Mzee akanuna kweli, akamwacha chini pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mwisho akasema atakwenda kwenye sherehe.

Kutoka hapo akaenda nyumba moja moja, Bakoba, Kitendaguro, mpaka Kaagya, kwa kila aliyewahi kuagiza, akiwaambia: mambo yenu yalikuwa kwangu, yameondoka na mtu wangu, mkipigiwa simu kutoka Muleba mjue mmejulikana kupitia mimi. Nilimwambia anajichimbia kaburi. Nani anakwenda kuwatangazia wateja kwamba gunia lake limetoboka? Akasema, "Ni haki yao kujua." Wakamshukuru, wakamwita mwungwana, wengine wakamshika mkono kwa mikono miwili. Na wakaacha kuagiza. Mmoja baada ya mwingine, kimya, kwa tabasamu. Wasichana wawili waliobaki aliwaaga kwa kukosa kazi.

Siku ya sherehe ya Rugaibula tulialikwa. Rugaibula alikuja mwenyewe kumwomba wifi radhi, akasema bila yeye kaka yake asingefika, na kwamba wifi ataketi kiti cha mbele. Lakini ile kahawa aliyoagiza mwanzo hakuja kuichukua, na wifi alidhani labda safari hii mama wa nyumba ataichemsha mwenyewe. Tulikaa mbele kweli, karibu na Mzee Joackim aliyevaa kanzu na koti. Wageni wa bwana harusi wakaingia, wakapangwa, na binti mwenyewe akatoka ndani na sahani amefunikwa khanga begani, mzuri.

Nilijua kabla hajafika. Harufu ya moshi na mafuta ya taa ilitangulia.

Nikamgeukia Rugaibula, sikumsubiri amalize kutabasamu. "Hii umeitoa wapi?" Akajikuna shingo. "Walitupunguzia sana, Mama Kamala. Na wameileta mpaka mlangoni." Mtu aliyekuja kututukana mlangoni kwa sababu ya simu ile! Aliyesema mdomo wa wifi yangu ni soko! Amekwenda kununua kwa mdomo ule ule uliomvunjia nyumba. Nikamgeuzia mgongo.

Binti akapiga magoti mbele yangu. Nikamwambia nina jino linauma. Sina jino linalouma. Akasogea kwa wifi, akainua sahani kwa mikono miwili, macho chini, na ukumbi mzima ukawa unatazama, maana sasa watu wote walishajua habari ile. Mzee Joackim alitazama. Ukikataa kahawa ya binti siku kama ile umemlaani. Wifi akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akamshika binti kichwa akambariki. Kisha akakaa akitabasamu, na hotuba zikasomwa, na nyimbo zikaimbwa, na Mzee akazungumza kwa kirefu kuhusu heshima. Nilimchukia wifi yangu kidogo kwa tabasamu lile. Nilijiambia, basi, ameshazoea kukanyagwa.

Tulipotoka jioni tukapita nyuma ya ukuta wa jirani, pasipo na watu. Akasimama, akashika ukuta, akainama, akaitema. Punje nzima, haina alama ya jino. Alikuwa ameibana shavuni tangu binti alipopiga magoti, hotuba zote, nyimbo zote, chakula hakula, soda hakunywa, anatabasamu nayo humo. Akatema tena na tena mpaka mate yakaisha. Shavu lilikuwa linamuuma upande ule, likawa jekundu kwa ndani aliponionyesha.

Akaifukia kwa kisigino, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Hata kukauka haijakauka," alisema, na tukaendelea kupanda kwenda Kitendaguro.